Protini Zilivyopata Sauti: Historia ya Kuandaa Sampuli

Februari 1985, katika kampuni ya Shimadzu mjini Kyoto, Japani, mhandisi kijana Koichi Tanaka alichanganya unga laini wa kobalti na gliserini, ilhali alikusudia kutumia asetoni. Unga ule ulikuwa ghali, akaona si vema kuutupa. Aliuweka mashineni pamoja na vitamini B12, akaupiga leza. Molekuli ambayo hapo awali ilikuwa ikivunjikavunjika sasa ilitoa ishara ikiwa nzima.

Mashine hiyo, spektrometa ya masi, hupima uzito wa molekuli zilizogeuzwa ioni na kurushwa ndani ya ombwe. Protini zilikuwa zimeishinda kwa sababu ni kubwa, na leza ilizivunja kabla hazijaruka. Mchanganyiko wa Tanaka ulipokea nishati ya leza na kuzirusha zikiwa salama. Mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Nchini Ujerumani, Michael Karas na Franz Hillenkamp walikuwa wamepita njia nyingine: kuichanganya sampuli na kemikali inayofyonza mwanga wa leza, kisha kuiacha ikauke kuwa fuwele. Mwaka 1988 walipima kwa njia hiyo protini zenye uzito wa zaidi ya daltoni 10,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Njia yao, MALDI, ndiyo iliyoenea duniani.

Hata hivyo, adui mmoja alibaki: chumvi. Kila atomu ya sodiamu ya chumvi inayochukua nafasi ya hidrojeni kwenye molekuli huongeza daltoni 22, hivyo kilele kimoja kirefu kwenye grafu ya majibu hugawanyika kuwa vifupi vingi. Mwaka 1994 Ole Vorm, Peter Roepstorff na Matthias Mann walieleza namna ya kukausha upesi ile kemikali inayofyonza mwanga wa leza iwe utando mwembamba, kuweka sampuli juu yake, kisha kuisuuza chumvi itoke. Mwaka 2003 Mann, pamoja na Juri Rappsilber na Yasushi Ishihama, alitangaza ncha ya pipeti yenye kichujio kidogo ndani: vipande vya protini hunasa, chumvi hupita, na kilichonaswa hutolewa kikiwa katika tone dogo lililokolea.

Hatua zote hizi zilifanyika mezani, kabla ya mashine kuwashwa. Kwa hiyo maabara inayolalamikia ishara hafifu ichunguze kwanza chumvi, fuwele na usafi wa vyombo vyake, ndipo ifikirie kununua mashine mpya. Na fundi anayeandaa sampuli anastahili heshima sawa na mtaalamu anayesoma majibu.