Theluji iliyomng'oa meya

Vijana wenzangu, wenzetu waliopelekwa Marekani wanatuma picha za theluji, sisi tunacheka tu. Kumbe hiyo kitu iliwahi kumng'oa meya! Januari 1979 Chicago ilipigwa na theluji kama sentimita 50 kwa siku mbili, juu ya ile iliyokuwepo. Magari yakazikwa, barabara zikakaa bila kusafishwa. Mbaya zaidi, treni zikawa zinapita vituo vya mitaa ya watu Weusi bila kusimama. Watu wanaganda pale, wanaziangalia tu. Hawakusahau. Februari 27, kwenye mchujo wa chama chake mwenyewe, Meya Michael Bilandic akaangushwa na Jane Byrne. Mameya waliofuata wakashika adabu: siku hizi chumvi ya kuyeyusha barafu inarundikwa kabla ya baridi, malori yanafungwa bamba la chuma mbele, kila dereva anajua barabara zake.