Dadu haina kumbukumbu: Hesabu kwa wachezaji

KATIKA vituo vya matatu vya Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, si ajabu kuwapata vijana wakicheza ludo huku wakisubiri zamu ya gari. Bila 6, kete haitoki nyumbani. Mchezaji akirusha mara 5 bila kuipata, wenzake humtuliza kuwa ya sita haitamkosa. Je, hesabu inasemaje?

Dadu halali ina nyuso 6 zinazolingana. Uwezekano ni idadi ya njia za kupata tokeo linalotakiwa, ikigawanywa kwa idadi ya matokeo yote. Hivyo basi, uwezekano wa kupata 6 ni 1/6, takriban asilimia 16.7. Uwezekano wa kupata namba shufwa (2, 4 au 6) ni 3/6, yaani nusu.

Dadu mbili zikirushwa pamoja, matokeo huwa 6 × 6 = 36. Jumla ya 7 ina njia 6: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, pamoja na kinyume chake. Jumla ya 12 ina njia 1 pekee. Ndiposa 7 hutokea mara nyingi kuliko jumla nyingine yoyote.

Ili kujua uwezekano wa kupata 6 angalau mara moja katika mirusho 4, ni rahisi kuanza na kuikosa: 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6 = 625/1296. Ukiondoa hiyo katika 1, hubaki 671/1296, karibu asilimia 51.8. Misingi ya hesabu hizi iliwekwa na Wafaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat, walioandikiana barua kuhusu kamari mwaka wa 1654.

Hata hivyo, mirusho 5 ikishapita, wa sita ungali na uwezekano ule ule wa 1/6. Dadu haikumbuki lolote.

Katika ludo, kulisahau hilo hakumgharimu mtu. Kwenye kamari humfilisi. Chukua mchezo unaotoza Sh20 kwa kila mrusho na kulipa Sh100 kwa kila 6. Katika mirusho 6, mchezaji hutoa Sh120 na, kwa wastani, hurudishiwa Sh100. Akiongeza dau ili kufidia hasara, sehemu inayopotea haipungui. Shilingi zinazopotea ndizo huongezeka.

Malipo ya haki yangekuwa Sh120. Mwenye mchezo akilipa pungufu ya hapo, muda ndio humtajirisha, wala hahitaji bahati.