Ushago Si Mahali pa Kupumzika

Shosho yangu huniita "mzee wangu". Mimi ni kifungua mimba, na kwetu Murang'a mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Kwa hivyo machoni pa shosho mimi ni guka aliyerudi, na haoni haya kunidai madeni ambayo guka alikufa bila kulipa. Mwezi wa nne nilimpigia simu kumwambia kwamba mimi na mke wangu tumechoka na Nairobi, tunataka kuhamia kwake pamoja na watoto wetu wawili. Nilitarajia vigelegele. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mzee wangu, unakuja kukaa ama unakuja kupumzika?"

Nilicheka, lakini swali halikuniacha. Sababu za kuhama nilikuwa nazo tele. Keja ya vyumba viwili Umoja, maji ya mfereji yanayokuja siku yanapotaka, kodi inayopanda kila mwaka kama mtoto anayeongeza kimo. Binti yangu wa miaka minne anajua jina la kila nganya inayopita barabarani, lakini ukimwonyesha mti wa kahawa atadhani ni ua la mapambo. Kazi yangu naifanyia kwenye kompyuta, na ushago kuna stima na intaneti. Kwani nangoja nini? Na sote tunawafuata wale waliotangulia: picha ya ukungu asubuhi, kikombe cha chai, ng'ombe mmoja mpole, na maneno mawili matatu kuhusu maisha ya polepole.

Nikaanza kusoma historia ya safari hii ya kutoka Nairobi kwenda mashambani. Nilitaka kujua ni nani walitutangulia. Nilichokiona ni kwamba safari yenyewe ni ya zamani kama jiji, ila ni mara chache sana msafiri alijichagulia.

Tuanze na jiji. Reli ilifika hapa mwaka 1899, ikakuta maji baridi ya Wamaasai na ikaacha kambi, karakana na vibanda. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ikaweka kodi ya nyumba, na kodi hiyo ilitakiwa kulipwa kwa pesa. Pesa zilikuwa kwa mzungu, shambani kwake au mjini. Kisha, kuanzia mwisho wa mwaka 1919, wanaume Waafrika wakaanza kuvishwa kipande, cheti cha usajili ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, kikionyesha umeajiriwa na nani na lini uliachishwa. Bila kipande kilicho sawa, mji haukuwa na nafasi yako.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kila aliyekulia Eastlands amekiona bila kukitafakari: ule udogo wa vyumba vya mitaa ya zamani. Mji ulimtaka mwanamume lakini haukuitaka nyumba yake. Kariokor, iliyoitwa hivyo kwa ajili ya wapagazi wa Carrier Corps wa Vita Vikuu vya Kwanza, ilijengewa mabweni ya wafanyakazi. Ulikodi nafasi ya kitanda, na mke na watoto hawakuwa kwenye ramani. Wapo waliojaribu kuufanya mji kuwa kwao hata hivyo. Pangani na Pumwani kulikuwa na wanawake waliojijengea nyumba zao wenyewe na kuzipangisha. Lakini Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyeji wake wakahamishwa, wengi wakapelekwa mtaa mpya wa Shauri Moyo. Jina lenyewe linajieleza.

Na mshahara nao ulihesabiwa vivyo hivyo. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilikiri kwamba kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimepimwa kwa mahitaji ya kapera. Soma tena hapo. Mtu mzima mwenye mke na watoto watano alilipwa kana kwamba hana mtu. Sasa wale sita walikula nini? Walikula jasho la mama yao. Mwanamke aliyebaki mashambani alilima, akachota maji, akalea, akauguza, na mume alipozeeka au kuumia kazini akarudishiwa amtunze. Mwajiri wa mjini alipata mfanyakazi kwa nusu ya bei, na nusu ya pili ililipwa na jembe la mtu ambaye hakumwona hata siku moja. Huo ndio "upolepole" wa ushago.

Shosho yangu alikuwa mmoja wao. Aliolewa mapema miaka ya 1950, guka akiwa tayari kibarua Nairobi. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza na polisi wakaufunga mji mzima katika Operesheni Anvil. Walipekua mtaa kwa mtaa wakiwatafuta Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wakapelekwa kambi kama Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Guka alikuwa ndani ya kapu hilo. Maelfu ya wanawake na watoto waliokuwa wakiishi mjini walipakiwa na kurudishwa kwenye hifadhi za makabila. Shosho anakumbuka wakishushwa: wanawake wenye viatu vya mji, watoto wasiojua kuchunga mbuzi, na hakuna aliyekuwa amewaandalia hata mahali pa kulala. Hiyo ndiyo familia ya kwanza kuhama Nairobi ninayoijua kwa simulizi, na hakuna aliyeipiga picha akinywa chai.

Walikoshushwa nako hakukukaa kama kulivyokuwa. Kuanzia katikati ya mwaka huo serikali iliwaondoa watu kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwasonganisha katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na vigingi vyenye ncha. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa katika vijiji zaidi ya 800. Mchana walichimba mitaro na barabara kwa lazima, usiku amri ya kutotoka nje. Kwa Kikuyu, kijiji ni gĩchagi. Leo tukiwa mjini tunalitamka neno hilo kwa mapenzi, tukimaanisha nyumbani kwa wazee. Kwa shosho, gĩchagi kilikuwa na mlinzi mlangoni.

Na wakati watu wamefungiwa hapo, ardhi ikapimwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusanya vipande vya mashamba kuwa shamba moja, ukaruhusu Waafrika wengi zaidi kupanda kahawa na chai, na ukaleta hatimiliki. Kilimo kilipata nguvu, hilo ni kweli. Lakini taito iliandikwa jina la mwenye boma, na mwenye boma alihesabiwa kuwa mwanamume, hata kama yuko Manyani na anayelima ni mkewe. Guka alipoachiliwa mwaka 1957 alikaa mwaka mmoja, akapanda miche ya kwanza ya kahawa, akarudi Nairobi. Alirudi huko kwa zaidi ya miaka thelathini. Shosho aliichuma kahawa hiyo, akaibeba hadi kiwandani, na malipo ya chama cha ushirika yakaingia kwenye akaunti ya guka.

Uhuru ulibadilisha mengi, ila si wazo hili kwamba ushago ni stoo ya watu ambao jiji halijui liwafanyie nini. Serikali mpya iligawa mashamba ya walowezi kupitia mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, na maelfu ya familia zikapata pa kulima. Wakati huohuo Kenyatta aliwaambia wasio na kazi mijini warudi mashambani. Mwaka 1968 ikaja sheria ya uzururaji, iliyofanya kutokuwa na kazi wala makao mjini kuwa jambo la kukupeleka korokoroni, na haikufutwa hadi 1997. Kipande kilikuwa kimeondoka shingoni, lakini swali la askari lilibaki lilelile: wewe unafanya nini hapa?

Hata mauti yaliulizwa swali hilo. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui Otieno alitaka kumzika kwenye boma lao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukakataa. Mahakamani ikabishaniwa kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba karibu na Nairobi, lakini nyumbani ni kwingine. Nchi nzima ilifuatilia kesi hiyo kama mchezo wa redio. Mei 1987 ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Aliyekaa na marehemu miaka yote hiyo alisikizwa, akashindwa. Wanawake wengi wa mjini waliielewa hukumu hiyo bila kufafanuliwa: nyumbani kwa mume si lazima pawe nyumbani kwako.

Mimi mwenyewe niliwahi kuhamishwa. Katikati ya miaka ya 1990, wakati serikali na kampuni zilipokuwa zikipunguza wafanyakazi kwa masharti ya wakopeshaji wa nje, baba alipoteza kazi. Siku chache baadaye mama, mimi na dada zangu tulikuwa juu ya lori pamoja na kabati na magodoro. Baba alibaki mjini "kutafuta-tafuta". Nilikuwa na miaka minane na niliupenda ushago kwa moyo wote. Nilipanda miti, nikaogelea mtoni, nikasahau saa. Ndiyo maana hadi juzi nilikuwa naapa kwamba ushago ni mahali pa polepole. Sikuwahi kujiuliza yale maji ya kuoga jioni yalipandaje kilima. Majuzi nilimuuliza mama. Akasema, "Safari nne asubuhi, tatu jioni." Alikuwa amekariri hesabu hiyo miaka karibu thelathini.

Halafu 2020. Aprili 6 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka eneo la Nairobi, na hadi mapema Julai barabara zilifungwa. Tulionywa tusiwapelekee wazee ugonjwa. Sisi wa Umoja, wenye kazi zilizokuwa zimesimama, tuliishi kwa magunia ya viazi na mahindi yaliyopitishwa na malori ya chakula. Watu hawakuruhusiwa kupita, mazao yaliruhusiwa. Nadhani hakuna picha bora zaidi ya uhusiano wetu na ushago katika miaka mia moja na ushee.

Nilimsomea mke wangu haya yote usiku mmoja watoto wakiwa wamelala. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali mawili tu. "Hiyo taito iko kwa jina la nani?" Nikajibu: guka, aliyefariki 2001. "Na maji yatachotwa na nani?" Hapo sikuwa na jibu. Ramani yangu yote ya maisha mapya, nilipoikagua, ilikuwa na meza ya kompyuta yangu karibu na dirisha linalotazama kahawa. Haikuwa na mtungi. Nilikuwa nimepanga kuhama kama guka: mimi nipate ushago, wao wapate kazi.

Kwa hivyo hatujahama, lakini hatujaacha. Tumeanza kesi ya urithi, na tumekubaliana kama ukoo kwamba shosho aandikwe kwanza, kisha sehemu tutakayojenga iwe na majina mawili, la mke wangu na langu. Kulikuwa na minong'ono kwa wajomba, itapita. Pesa tulizokuwa tumetenga za sofa na mapazia zimenunua tangi na mabati ya kukinga maji ya mvua. Na kila Jumamosi ya pili napanda matatu alfajiri, naenda kupogoa kahawa. Mikono yangu ya kompyuta imepasuka malengelenge, na jirani wa shosho, mama wa miaka sitini, hunipita mstari mzima akinicheka.

Wiki iliyopita shosho alikaa kwenye kigoda chake ukingoni mwa shamba akinitazama. Nilipochoka nikaegemea mti, nikafuta jasho, nikamwambia kazi hii haina mwisho. Akasema, "Mzee wangu, hiyo ni habari ya kawaida." Kisha akaninyooshea mtungi mtupu.