Mpira Ulipofungiwa Stoo: Mwaka 2020, Kilifi na Mpui

Katika kitabu hiki mtaona tena ombi la michezo, hasa timu ya wasichana. Wapo waliotuuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini chama cha maendeleo kichangishe fedha za mpira wakati kuna madarasa na maji. Jibu letu linaanzia mwaka 2020.

Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyekuwa Arusha, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari. Michezo nayo ikasimamishwa, kuanzia Ligi Kuu mpaka UMITASHUMTA na UMISSETA. Kwetu habari zilifika kwa redio na simu. Mipira ikafungiwa stoo, ufunguo ukabaki kwa mtu mmoja, na sisi sote tukarudi mashambani.

Kumbukeni kwamba Tanzania haikufunga watu ndani. Masoko yaliendelea, mabasi ya Tunduma yalipita kama kawaida, ibada ziliendelea. Watoto walitengeneza vibuyu chirizi milangoni na kuvichezea kuliko kunawia. Kilichofungwa ni shule na uwanja. Kwa mvulana hilo lilikuwa kero. Kwa msichana wa miaka 14 lilikuwa jambo zito zaidi, maana shuleni na uwanjani ndiko anakokutana na mtu mzima asiye wa ukoo wake, ambaye akimkosa siku mbili atauliza: yuko wapi?

Sisi hatukuuliza. Tuseme wazi, kwa kuwa kitabu hiki ni cha kwetu wenyewe. Tulikuwa na timu, tulikuwa na jezi zilizochangwa na baadhi yenu, lakini hatukuwa na daftari la majina lililokamilika, wala namba za simu za wazazi. Tulijua nani ni beki na nani hupiga penalti vizuri. Anaishi na nani, analala wapi, hatukujua. Katika wiki zile zote hakuna kiongozi wa michezo aliyepita nyumbani kwa mchezaji kumjulia hali. Tulingoja tangazo la kufungua.

Baadaye, tulipokaa kutafuta jinsi vyama vingine vya michezo vilivyoishi kipindi kile, habari iliyotushika ilitoka Kilifi, pwani ya Kenya. Huko kuna chama cha soka la wasichana kinachoitwa Moving the Goalposts, kilichoanzishwa mwaka 2001 na Mwingereza Sarah Forde. Kilifi si mbali na Mpui kwa hali: vijiji vya wakulima, wasichana wengi wanaoacha shule mapema, wazazi wanaoona mpira ni wa wavulana. Tangu mwanzo chama kile hakikuwafanya wasichana wachezaji tu. Waliwafundisha kuwa makocha, waamuzi, watoa huduma ya kwanza na wajumbe wa kamati. Baada ya mazoezi walikaa kuzungumza mambo ya afya na hedhi, na taulo za kike zikawa sehemu ya kazi yao kama vile mipira.

Kenya ilibanwa kuliko sisi. Shule zilifungwa Machi 2020, amri ya kutotoka nje usiku ikaanza mwezi huohuo, na Aprili Kilifi ikawa miongoni mwa kaunti ambazo watu walizuiwa kuingia wala kutoka. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba, na wanafunzi wote Januari 2021. Hiyo ni miezi tisa. Hapo uwanja haukuwa na maana tena, na chama cha mpira kingeweza kufunga ofisi kikangoja, kama tulivyofanya sisi kwa muda mfupi zaidi.

Wao walihamishia kazi kwenye simu, redio na taulo za kike. Wasichana waliokuwa wakikusanyika uwanjani wakafuatwa walipo. Mazungumzo ya baada ya mazoezi yakawa mazungumzo ya simu na ya redioni, na taulo ambazo wengi walizoea kuzipata kupitia shule na timu zikatafutiwa njia nyingine ya kuwafikia. Mkisikia hivi mtadhani ni ubunifu wa mwaka ule. Sisi tunaona uliwezekana kwa sababu ya miaka 19 iliyotangulia: kila timu ilikuwa na viongozi wake wasichana, wanaojuana kwa majina na kwa nyumba. Huwezi kumpigia simu mtu ambaye hukuwahi kuandika namba yake.

Na Kilifi hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1987 katika mabanda ya Mathare, Nairobi, kilianzishwa chama cha MYSA kwa msaada wa Mkanada Bob Munro. Mathare ilikuwa imejaa takataka, na watoto waliugua kwa ajili yake. Wakaweka kanuni ambayo mpaka leo tunaistaajabia: timu ikifanya kazi ya usafi mtaani inapewa pointi 6 katika msimamo wa ligi, zaidi ya ushindi wa mechi moja. Ungeweza kuwa na washambuliaji hodari ukakosa ubingwa kwa sababu hamkuzoa taka! Kufikia mwaka 1994, UKIMWI ulipokuwa unamaliza watu, vijana haohao walianza kufundishana habari zake. Timu iliyotokana nao, Mathare United, ilikuja kuwa bingwa wa Kenya mwaka 2008, kwa hiyo asituambie mtu kwamba kazi ya jamii inaharibu mpira.

Kwetu michezo iliruhusiwa tena tarehe 1 Juni 2020, na shule zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Furaha ilikuwa kubwa, na baridi ya Juni ya Ufipa haikumzuia mtu. Oktoba 22 mwaka huohuo wengi wetu tulisongamana kwenda Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, kuwaona Tanzania Prisons wakiifunga Simba bao 1-0. Wana Simba mtusamehe kwa kulitaja. Siku ile hakuna aliyekumbuka barakoa, na mada ya korona tuliihesabu imekwisha.

Ila katika timu yetu ya wasichana hawakurudi wote. Beki mmoja, ambaye hatutamtaja, alirudi uwanjani mara moja tu, akasimama pembeni amejifunga kanga, akaondoka kabla ya filimbi ya mwisho. Alikuwa mjamzito. Wakati ule, msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya serikali. Ilipofika tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaweza kurudi. Tulitafuta namba ya nyumbani kwao ili tuwape habari hiyo. Hatukuwa nayo. Majirani walisema familia ilihamia upande wa Ziwa Rukwa.

Hatusemi kwamba simu moja ingezuia mimba, wala kwamba Kilifi hakuna aliyepotea. Tunasema tulimjua kwa miaka miwili na hatukujua pa kumtafuta.

Ndiyo maana ombi la mwaka huu ni tofauti na la zamani. Jezi zipo, zitavumilia msimu mwingine. Tunaomba fedha za daftari la wachezaji na vocha za simu kwa viongozi wawili wasichana wa kila timu, mafunzo ya huduma ya kwanza, mashine ya kushonea taulo za kitambaa na vitambaa vyake, na nauli ya kuwatembelea wachezaji wanaoishi vitongoji vya mbali wakati wa likizo. Mipira miwili itanunuliwa ikibaki akiba. Mama zetu na dada zetu mafundi cherehani walioko Sumbawanga na Mbeya, mashine iliyotumika lakini nzima tutaipokea kwa shukrani. Na kama yupo anayeifahamu familia ile iliyohamia upande wa Rukwa, amweleze mweka hazina wetu kwa faragha.