Roll Out: Madereva wa Vita Katika Vichekesho

Vikitajwa vichekesho vya jeshi katika televisheni ya Marekani, wengi wetu hukumbuka M*A*S*H, iliyoanza mwaka 1972 na kuendelea hadi 1983. Wachache hujua kwamba waandaaji wake, Larry Gelbart na Gene Reynolds, walitoa tamthilia nyingine ya vita iitwayo Roll Out. CBS ilianza kuionyesha tarehe 5 Oktoba 1973. Tarehe 4 Januari 1974 ikakoma, baada ya vipindi 12 tu. Tunaikumbuka hapa kwa sababu ya watu iliowaweka mbele.

Baada ya kutua Normandy Juni 1944, majeshi ya Washirika yalisonga mbele upesi kuliko shehena zao. Reli za Ufaransa zilikuwa zimebomolewa na ndege za Washirika wenyewe, ili Wajerumani wasizitumie. Mwezi Agosti vifaru vya Jenerali Patton vilikuwa vikikabiliwa na uhaba wa petroli. Ndipo ikaanzishwa Red Ball Express: barabara zilizotengwa kwa malori ya jeshi peke yake, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, usiku na mchana. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba malori hayo yalipeleka zaidi ya tani 400,000 za mafuta, risasi na chakula. Takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi.

Haikuwa bahati kwamba kazi hiyo iliwaangukia wao. Jeshi lilitenga askari kwa rangi, na wengi wa weusi walipewa kazi za kubeba, kupakua na kuendesha, mara nyingi chini ya maafisa weupe. Amri ya Rais Truman ya kukomesha utengano huo ilitoka mwaka 1948, vita vikiwa vimekwisha miaka mitatu nyuma.

Roll Out ilibuni kikosi cha malori nambari 5050, Stu Gilliam na Hilly Hicks wakiigiza madereva wakuu. Kapteni na luteni walikuwa weupe, na hapo tamthilia ilifuata historia. Lakini vichekesho vina mpaka. Dereva mjanja anayemzunguka mkubwa wake huchekesha. Dereva anayesinzia kwenye usukani gizani, amebeba mapipa ya petroli, hachekeshi.

Hata hivyo, tunaona tamthilia hii ilifanya jambo ambalo filamu nyingi za vita hazikulifanya: ilimfanya mpeleka shehena kuwa mhusika mkuu. Mwisho wake wa haraka ulimrudisha pembeni. Basi sisi tunaosoma historia, tukikutana na habari za ushindi wowote, tusiishie kuuliza nani aliyeamuru na nani aliyepiga risasi. Tuulize pia nani aliyezileta risasi hizo, na kwa nini kazi hiyo alipewa yeye.