Mallika Sengupta na swali alilomuuliza Marx

Kuna swali moja ambalo ukimuuliza mjamaa yeyote, hata yule aliyemeza vitabu vyote vya Karl Marx, lazima akune kichwa kwanza. Mfanyakazi anatoka kiwandani jioni akiwa hoi. Nani aliyempikia wali, akamfulia shati na kumlelea watoto ili kesho alfajiri aweze kurudi kazini? Na huyo aliyefanya hayo yote, analipwa na nani?

Mwanamke aliyelichukua swali hilo na kulitia ndani ya shairi, tena akamwelekezea Marx mwenyewe kwa jina, anaitwa Mallika Sengupta. Huku kwetu wachache wanamfahamu, kwa hiyo leo nataka tumzungumzie.

Mallika alizaliwa Machi 1960 nchini India. Aliandika kwa Kibengali, lugha ya Bangladesh na jimbo la India la West Bengal, lugha ileile ya Rabindranath Tagore aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1913. Mchana alikuwa mwalimu: aliongoza idara ya sosholojia katika chuo cha Maharani Kasiswari mjini Kolkata. Kalamu yake nayo haikulala. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka 1983, na hadi anafariki alikuwa na vitabu vipatavyo 20, vingi vikiwa vya mashairi, vingine riwaya na insha.

Sasa, ili uone uzito wa swali lake, lazima ujue aliliuliza wapi. Kuanzia 1977 hadi 2011, West Bengal ilitawaliwa na muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto ukiongozwa na wakomunisti. Miaka 34, tena kwa kura, si kwa bunduki! Kolkata ina barabara ya Lenin, na barabara ya Ho Chi Minh ambayo ubalozi mdogo wa Marekani umejikuta upo juu yake. Katika mji kama huo Marx alikuwa kama mzee wa ukoo: anaheshimiwa, ananukuliwa, hahojiwi.

Mallika akamhoji. Hakumtukana, wala hakuhamia upande wa mabepari. Alimwendea kama binti anavyomwendea babu kwa adabu na kumwambia: hesabu yako haijakamilika. Kama mvuja jasho ni yule anayelipwa ujira kiwandani, basi huyu anayetoka jasho jikoni bila ujira tumwite nani? Na mapinduzi yakishakuja, yeye atakuwa raia huru, au ataendelea kuwapikia wanamapinduzi?

Hakuwa wa kwanza duniani kuligusa jambo hilo. Mwaka 1972 wanawake nchini Italia walianzisha kampeni ya kudai kazi za nyumbani zilipwe mshahara. Lakini wengi waliliandika kwa lugha ya nadharia, lugha ambayo yule mama mwenyewe wa jikoni hawezi kuisoma hadi mwisho. Mallika aliifanya hoja hiyo iwe ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Hapo ndipo ninapoona maana ya kuwa msomi na mshairi kwa pamoja. Usomi ulimpa hesabu, ushairi ukampa sauti.

Alikuwa makini pia kumtaja adui kwa jina lake. Mwaka 1994 alitoa kitabu cha insha, Strilinga Nirman, yaani "Ujenzi wa Jinsia ya Kike", akionyesha kwamba mwanamke hazaliwi na unyonge. Unyonge hujengwa, tofali kwa tofali, na mila, dini, sheria na malezi. Kingine kina jina ambalo Mswahili atalielewa mara moja: "Si wanaume, bali mfumo dume". Tofauti hiyo ni kubwa. Ugomvi wake haukuwa na mtu kwa kuwa amezaliwa mwanamume. Mumewe, Subodh Sarkar, ni mshairi, na waliendesha pamoja jarida la fasihi la Bhashanagar.

Hapa nina jambo la pembeni kidogo. Kibengali, kama Kiswahili, hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye "yeye". Neno moja linatosha kwa wote. Tungetegemea basi lugha kama hizi zizae jamii zenye usawa, sivyo? Wapi! "Yeye" ni mmoja kwenye sarufi, lakini ukifika jikoni wanakuwa wawili.

Kazi nyingine ya Mallika ilikuwa kuwarudishia ulimi wanawake wa kale. Wabengali wana hekaya ya Khana, mwanamke mjuzi wa nyota ambaye misemo yake kuhusu mvua, kupanda na kuvuna imerithishwa vizazi kwa vizazi. Inasimuliwa kwamba elimu yake ilimzidi baba mkwe wake, naye mnajimu wa mfalme, na kwa sababu hiyo akakatwa ulimi. Mallika aliigeuza hekaya hiyo kuwa shairi. Aliandika pia riwaya ya Sitayan. Wahindi wana utenzi mkubwa, Ramayana, safari ya Ram. Yeye akasema tuisikie sasa safari ya Sita, mke aliyetekwa, akakombolewa, akashukiwa, akapitishwa motoni kuthibitisha usafi wake, na mwisho akafukuzwa akiwa mjamzito. Karne ya 16 mshairi wa kike wa Bengal, Chandrabati, alikuwa ameshaisimulia hadithi hiyo kwa jicho la Sita. Mallika alikuwa anaendeleza kamba iliyoanza kusokotwa zamani.

Wapo waliosema mashairi yake ni kaulimbiu tu, kwamba harakati zinaua sanaa. Hakulikwepa hilo. Alikubali kuwa itikadi inaweza kuliharibu shairi, na inaweza isiliharibu. Ni fumbo ambalo kila mshairi atakutana nalo siku moja. Kwa miaka 12 alikuwa mhariri wa mashairi wa Sananda, jarida la wanawake lenye wasomaji wengi. Ushairi wa kike ukaingia majumbani pamoja na mapishi na mitindo ya mavazi, hukohuko jikoni alikokuwa akikutetea.

Mwaka 2005 alianza matibabu ya saratani ya matiti. Aliendelea kuandika hadi mwisho. Alifariki tarehe 28 Mei 2011, akiwa na miaka 51. Siku nane kabla yake, Mamata Banerjee alikuwa ameapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza serikali ya jimbo hilo, na ile miaka 34 ya wakomunisti ikawa historia.

Walioulizwa swali wameondoka madarakani, aliyeuliza yuko kwenye historia, lakini swali bado lipo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa kila siku binadamu hutumia saa bilioni 16.4 kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Hakuna hata moja inayoingia kwenye pato la taifa.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku nyingine ukijaza fomu na kukuta mahali pa kuandika kazi ya mama yako, fikiri kwanza kabla ya kuandika "hana kazi, yuko nyumbani tu".