Kura tisa za Courtenay-Comox

Katika uchaguzi wa Bunge la jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, uliofanyika tarehe 9 Mei 2017, Chama cha Kiliberali cha Waziri Kiongozi Christy Clark kilipata viti 43 kati ya 87, Chama Kipya cha Kidemokrasia (NDP) kikapata 41 na Chama cha Kijani 3, hivyo hakuna kilichofikia viti 44 vya kuunda serikali peke yake. Usiku ule eneo la uchaguzi la Courtenay-Comox lilikuwa limeangukia NDP kwa kura 9 tu, na laiti zingegeuka, Waliberali wangekuwa na viti 44. Kwa hiyo jimbo zima lilisubiri wiki mbili kura za waliopigia nje ya vituo vyao, ambazo zilipanua pengo hadi 189. Kijani kikaahidi kuiunga mkono NDP, na tarehe 29 Juni Clark akashindwa katika kura ya imani kwa 44 dhidi ya 42, maana Spika, Mliberali, hakupiga kura. Clark aliomba uchaguzi mpya. Luteni Gavana, yaani mwakilishi wa Malkia, alikataa, akamwita John Horgan wa NDP kuunda serikali.